Nimefiwa, Nipeni Maji

Saa tatu kasorobo asubuhi geti la duka la vyombo vya umeme linapandishwa kwa kishindo, na muuzaji anaingia na kitambaa cha kufutia vumbi begani. Anaanza na majokofu, anahamia kwenye mashine za kufulia, anamalizia na feni. Feni anazifuta harakaharaka, kama mtu anayempita jirani waliyegombana naye.

Kabla hajamaliza, wasichana wawili wanasimama mlangoni. Mmoja ameshainua simu.

"Samahani, baba. Ni wewe yule wa maji?"

"Ni mimi, mwanangu. Karibuni."

"Sema basi kidogo. Kidogo tu."

Muuzaji anaitazama kwanza ofisi ya vioo anamokaa bosi wake, kisha anatazama sakafu. Anasema, kwa sauti nzito yenye mkwaruzo ambayo sasa inajulikana kuliko sura yake: "Jamani, nimefiwa. Nipeni maji."

Wasichana wanacheka mpaka mmoja anashikilia mlango wa jokofu asianguke. "Sauti ni ileile!" anasema mwenzake huku akijifuta machozi.

"Leo mnahitaji kifaa gani?" anauliza muuzaji.

"Hapana, baba. Tulikuwa tunapita tu."

Siku hiyo tuliyoshinda naye dukani ameyasema maneno hayo mara kumi na saba. Ameuza pasi moja. Mshahara wake unatosha kodi ya vyumba viwili na chakula cha wiki tatu. Wiki ya nne huitafuta kwa kamisheni, asilimia tatu ya kila anachouza. Asilimia tatu ya pasi moja haifiki mbali.

Jina lake hatuliandiki. Si yeye aliyeomba hivyo. Aliyeomba ni binti yake wa miaka kumi na minne, kwa kuwa jina la baba ndilo linalofuata lake kila asubuhi mwalimu anapoita orodha. Mtaani mtu huyu anaitwa Nipeni Maji, naye huitika.

Binti huyo haishi naye tena. Ana miezi mitano kwa mama yake mdogo, upande wa pili wa mji. Baba mtu ana shida nyingi kama wengine wote, lakini ukimuuliza anataka nini duniani, hachukui muda kufikiri. Anataka mwanawe arudi nyumbani.

Kama bado hujaiona video yenyewe, wewe ni mmoja wa wachache. Ni ya dakika nne. Wala haikukusudiwa kuwa video. Ni vipande vilivyoharibika wakati wa kurekodi tangazo la feni, vile ambavyo kwa kawaida kazi ikiisha hufutwa.

Maneno ya tangazo aliyatunga bosi mwenyewe, matano tu, na aliyapenda kama mzazi anavyompenda kifungua mimba wake: "Kifaa kinachokufaa ni kile kisichokufia." Msomaji na ayaseme haraka mara tatu, kwa sauti, halafu tuendelee.

Kwenye video muuzaji anasimama kando ya feni, suti imembana mabegani, tai nyekundu shingoni. Anatabasamu. "Kifaa kinachokufia ni kile kisichokufaa."

"Kata!" inasikika sauti nyuma ya kamera. "Umegeuza!"

"Lakini bosi, hata hiyo ni kweli."

Anarudia. "Kifaa kisichokufaa..." Kata. "Kifaa kinacho... kinakufa..." Kata. Feni inageuza shingo yake taratibu, na kila ikimfikia inampulizia tai mdomoni. Anaitema. "Feni, nakuheshimu, lakini geukia kule. Napulizwa kama chai." Mara ya ishirini anaitupa karatasi chini. "Haya maneno ameyaandika nani? Mtu huyu hana mama?"

"Mimi," inajibu ile sauti nyuma ya kamera.

Muuzaji anasimama wima, mikono ubavuni kama mwanafunzi. "Bosi, shikamoo."

Hapo ndipo watu huanza kujishika mbavu. Lakini kilichoifanya video iwe gumzo la kila kona ni kile kinachofuata, karibu na mwisho. Shati limelowa, sauti imekauka. "Kifaa... kinachokufaa... ni kile kisichofi... kisichokufi..." Anasita. Anaikodolea macho kamera kana kwamba ndiyo kwanza anaiona.

"Jamani, nimefiwa. Nipeni maji."

Kila aliyeitazama alielewa vivyo hivyo: mtu alianza na kufaa, akateleza hadi kufia, akaangukia kufiwa, akawa hana tena pa kwenda. Mwandishi wa makala haya naye alielewa hivyo. Alicheka mpaka akapaliwa, kisha akamtumia kaka yake.

Ukweli ni kwamba siku nzima ile, hapo ndipo mahali pekee ulimi wa muuzaji haukuteleza. Siku tisa kabla ya kusimama kando ya feni ile, alikuwa amefiwa na mkewe.

"Aliugua figo miaka miwili," anasema. Ni saa saba mchana, amekaa juu ya boksi la jiko nyuma ya duka, bakuli la chakula liko magotini na hajaligusa. "Tulijua. Lakini kujua ni kitu kingine na kuona ni kitu kingine. Ilikuwa asubuhi, namvalisha sweta twende kliniki. Mkono mmoja ulikuwa umeshaingia. Akanifia hapohapo, mikononi."

Anafunika bakuli.

"Sasa wewe niambie. Mtu amekufia, halafu unasimamishwa mbele ya taa unawaahidi watu kitu kisichokufia. Nikifika pale ulimi unagoma. Watu wanasema maneno yalinishinda. Hayakunishinda. Niliyaelewa mno."

Haikuwa kawaida yake kushindwa na maneno. Ana miaka arobaini na sita, na tangu ujana wake amekula kwa mdomo. Kabla ya duka hili, ambako ana miaka kumi na moja, aliuza redio juu ya meza sokoni, na mkewe alimpata kwa sababu ya redio mbovu.

"Alikuja kuirudisha, amekasirika," anasimulia, na kwa mara ya kwanza siku hiyo anatabasamu. "Nikaongea, nikaongea, mpaka akasahau kudai pesa yake, akaenda zake. Kesho yake akarudi kudai. Nikaongea tena. Siku ya tatu akaniambia, 'Wewe bwana, pesa siitaki tena. Nataka nione ukinyamaza unakuwaje.' Hajawahi kuniona nimenyamaza, masikini."

Mkewe alipofariki, kampuni ilimpa siku saba. Ya nane akarudi kazini. Ya tisa ikawa ndiyo siku ya kurekodi, na alimwendea bosi kumwomba waisogeze mbele. Bosi akamjibu kwamba studio imeshalipiwa. "Maneno matano tu, kaka. Dakika kumi unarudi nyumbani." Walirekodi kwa muda wa saa tano, mara arobaini na moja.

Bosi hakutukimbia tulipomfuata kwenye ofisi yake ya vioo. Alifunga mlango, akakaa, akaanza kuchezea kalamu.

"Mazikoni nilikuwepo," alisema. "Koleo nilishika kwa mikono hii. Na aliposema amefiwa, nilicheka. Ulimi wake ulikuwa unakosea tangu asubuhi, nikadhani na pale umekosea. Nilisahau, bwana. Kwa dakika ile nilisahau kabisa kwamba mke wake amekufa."

Je, alimwomba radhi?

"Nilimwongezea siku mbili za mapumziko."

Siku hizi mabirika ya umeme dukani humo yana stika yenye uso wa muuzaji na maneno NIPENI MAJI kwa herufi nyekundu. Bosi anasema mauzo ya mabirika yamepanda maradufu. Muuzaji hupewa kazi ya kuzibandika.

Aliyevitoa vile vipande nje ni mpiga video wa studio. Alimtumia rafiki yake mmoja ili acheke kidogo, rafiki akaviunga, akavitupa mtandaoni, na maji yakimwagika hayazoleki. Katika wiki moja vilitazamwa mara milioni mbili. "Mimi sikujua hata kama ana mke," anasema kijana huyo, na hatuna sababu ya kutomwamini. Hakuna aliyejua, na aliyejua alisahau.

Wahenga walisema heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Hawakusema lolote kuhusu mtu aliyenena kweli akadhaniwa amejikwaa.

Neno lenyewe likachukua njia zake. Simu ikiisha chaji, mwenye simu amefiwa. Timu ikifungwa, mashabiki wapewe maji. Mchumba akiondoka, vivyo hivyo. Mwanzoni muuzaji alidhani litachakaa lenyewe, kama vichekesho vinavyochakaa. Kisha akabishiwa hodi na fundi cherehani anayekaa nyumba ya tatu kutoka kwake.

Fundi alikuwa amempoteza mama yake wiki hiyo. Alimpigia simu mdogo wake aliye mbali, akamwambia, "Ndugu yangu, tumefiwa." Mdogo wake akacheka, akauliza, "Nikuletee maji?" Ilibidi fundi alie kwenye simu ndipo aaminike.

"Hakuja kugomba," anasema muuzaji. "Alikaa tu pale kwenye kochi. Akaniambia, 'Jirani, neno letu mmeliharibu. Sasa mtu akifiwa aseme nini?' Mimi, niliyewahi kuuza feni wakati wa baridi, nilikosa jibu."

Yote hayo angeyabeba. Mtu mzima hubeba mengi. Kilichomvunja kiuno kilitokea darasani kwa binti yake.

Shuleni kulikuja mwalimu mgeni, akawa anapitia daftari la alama. Akamuuliza binti kwa nini hakufanya mtihani wa muhula uliopita. Binti akasimama, akajibu kwa adabu, "Nilifiwa, mwalimu."

Darasa zima, watoto hamsini na wawili, wakaitikia kwa pamoja: "Mpeni maji!"

Mwalimu naye akacheka kabla hajajizuia.

Jioni hiyo binti alimkuta baba yake anaosha vyombo. Hakuvua hata mkoba. "Baba, waambie," alisema. "Waambie tu kwamba mama alikufa kweli. Wakijua wataacha."

Lilikuwa wazo la mtoto, na lilikuwa wazo zuri. Muuzaji alivaa shati safi, bila tai. Akakaa kitandani, picha ya marehemu mkononi. Binti akashika simu, akaanza kurekodi. "Ndugu zangu," akasema baba, "siku ile sikuwa natania. Nilikuwa nimefiwa kweli. Huyu hapa ndiye mke wangu, mama wa mwanangu. Alikuwa..."

Akajaribu tena, kikamtoka kikohozi. Akakohoa mpaka akainama.

Na binti, bila kuwaza, akafanya kile ambacho mtoto yeyote mwenye malezi angemfanyia baba yake anayekohoa. Mkono mmoja ukiwa bado umeshika simu, alinyoosha wa pili, akachukua glasi iliyokuwa mezani, akampa baba yake maji.

"Tulimaliza pale," anasema muuzaji. "Hatukurudia. Nilimwambia, mwanangu, kitu kama hiki hakirudiwi mara mbili. Wala hatukukitazama. Tulikituma kama kilivyo."

Kufikia usiku watu walishakibatiza Sehemu ya Pili. Walisema mzee ni hatari, kwamba hata uso haubadiliki. Walisifu picha ya mwanamke, wakauliza ameitoa wapi. Na ile glasi inayotokea upande wa kulia wakati hasa mtu anakohoa, ndiyo iliyowamaliza kabisa. Wapo walioikata wakaifanya stika ya kutumiana: mkono wa mtoto, glasi ya maji. Machozi ya samaki huenda na maji, na ya muuzaji yalikwenda hivyohivyo.

Shuleni waliutambua mkono kwa kikuku cha shanga. Tangu siku iliyofuata binti akaitwa Mkono.

Alivumilia wiki mbili. Kisha akapanga nguo zake kwenye begi la mama yake na kumwomba baba amhamishie kwa mama mdogo, kwenye shule ambako hakuna anayemjua. Baba alimbebea begi. Njia nzima alikuwa anamtania ili asilie, na njia nzima watu walikuwa wanageuka kwa kuisikia sauti yake. Binti alitembea hatua kumi mbele.

Muuzaji anajilaumu kwa hilo kuliko kwa yote. "Nilidhani namchangamsha," anasema. "Nimezoea kuongea mtu akihuzunika. Sikujua kwamba kwake mimi ndiye nimekuwa kelele."

Kila Jumapili yeye huvuka mji kwenda kumwona. Tulifuatana naye mara moja. Nyumba ni ya chumba na sebule, yenye uwanja mdogo wa saruji mbele na nguo zilizoanikwa. Alipobisha hodi tu, watoto wa jirani walichungulia juu ya ukuta, wakaanza kuchekeana. Kutoka ndani tulisikia mlango wa chumba ukifungwa.

"Shemeji, karibu," alisema mama mdogo, mwanamke mwenye sura ya marehemu kama walivyotuambia baadaye. Akamsogezea kiti, akashusha sauti. "Usikasirike. Mtoto hajamkataa baba yake. Anaogopa hiyo sauti ikitoka nje."

"Sijakasirika, shemeji," alijibu kwa kunong'ona. Walizungumza hivyo saa nzima, watu wazima wawili wakinong'onezana uani mchana kweupe kama wezi.

Binti alikubali kuzungumza nasi akiwa ndani, amekaa kitandani, mikono ameiweka chini ya mapaja. Kikuku hana tena. Tulimuuliza kama amemkasirikia baba yake, akatikisa kichwa.

"Mimi ndiye nilimpa maji," alisema, kama mtu anayekiri kosa polisi. "Nisingempa, wangeamini."

Akautoa mkono mmoja chini ya paja, akautazama.

"Lakini alikuwa anakohoa," akaongeza. "Ni baba yangu. Ningefanya nini?"

Tulipomweleza baba maneno hayo tukiwa njiani kurudi, alisimama kando ya barabara akashika ukuta wa nyumba ya watu. Alikuwa hajawahi kuyasikia. Miezi mitano alidhani mwanawe anamwonea haya, kumbe mwanawe anajihukumu.

Mwandaaji mmoja wa maonyesho ya vichekesho amemwahidi malipo sawa na mshahara wake wa miezi minne kwa kupanda jukwaani dakika kumi, aseme maneno yake, aletewe glasi. Amekataa mara mbili. Badala yake amemwomba bosi amhamishie stoo, ahesabu maboksi, kazi isiyo na kamisheni wala wateja. Bosi alimjibu, "Wewe ukikaa stoo, maneno atayasema nani?" Barua ya maombi bado iko kwenye ofisi ya vioo.

Kuhusu mtandao amekata tamaa, na analisema hilo bila kupepesa macho. "Ile haifutiki. Nitakufa, na siku hiyo watacheka. Watasema hii sasa ni sehemu ya tatu. Mimi nimeshalikubali. Sijakubali mwanangu alibebe."

Jumapili iliyopita alikwenda peke yake. Anasema alimwomba shemeji amwachie nafasi, akakaa sakafuni nje ya mlango wa chumba, akamwambia binti yake kupitia tundu la kitasa kwamba yale maji yalimfaa, kwamba koo lilikuwa limekauka kweli na hakuna mtu mwingine mji mzima aliyeliona hilo. Akaongeza kwamba shule zinafungwa Ijumaa, na kwamba chumba chake amekifagia.

Baada ya muda mlango ulifunguka kidogo, kiasi cha uso kupita.

"Nitakuja, baba," alisema binti. "Ila njiani usiongee."

Ni mwendo wa dakika arobaini kwa miguu. Wanakatiza sokoni, wanapita kituo cha mabasi, kisha mbele ya geti la shule ya zamani ya binti. Watu watamwita Nipeni Maji, kama wanavyomwita kila siku, na amezoea kuitika.

"Nimemkubalia," anasema muuzaji, akipunguza sauti ingawa dukani tumebaki wawili. "Atakayeniita nitampungia mkono. Atakayenisimamisha nitampita. Hata akinitukana, nitanyamaza. Nataka atembee kando yangu, si mbele. Tufike tu. Maneno tutayatafuta ndani, tukishafunga mlango."